Suzuki DR-Z4S: Mnyama Aliyesubiriwa Robo Karne

Naitaka! Nalitoa hilo kifuani mapema ili uyasome yanayofuata ukijua umekaa na mtu wa aina gani. Suzuki DR-Z4S, ile iliyofunuliwa Milano kwenye maonyesho ya EICMA Novemba 2024 ikawanyima usingizi wapenzi wa pikipiki za porini dunia nzima, imesimama mbele yangu hapa Kiserian, njano inayoumiza macho kwa uzuri. Rafiki aliyeiingiza nchini amenikabidhi ufunguo kwa sharti moja tu: tangi lirudi limejaa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Vijana wa boda boda wameshaizingira. "Boss, hii ni CC ngapi?" anauliza mmoja.

"Mia nne kasoro mbili."

Anapiga mluzi. Mwenzake amechuchumaa, anapima kwa macho pengo lililo kati ya tumbo la injini na ardhi, kisha anageuka kuiangalia Boxer yake na kutikisa kichwa. Pengo hilo ni milimita 300. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi linapita chini bila kugusa kitu. Kiti nacho kiko juu, milimita 920 kutoka ardhini, na mimi si mrefu, kwa hiyo nasimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja huku nikijifanya sina wasiwasi wowote. Nabonyeza starta mara moja na kuiachia, injini inajimalizia yenyewe. Inanguruma kwa sauti nene, ya taratibu. Vijana wanacheka kwa furaha. Nami nacheka.

Kelele zote hizi za nini?

Kwa sababu mtangulizi wake, DR-Z400, ilitoka mwaka 2000, na tangu hapo tumekuwa tukingoja. Ile ilikuwa pikipiki ya silinda moja, iliyopozwa kwa maji, ikajijengea sifa ya kutokufa. Mwaka 2005 ikaongezewa ndugu yake wa lami, toleo la SM. Kisha Suzuki ikaiacha vilevile. Kanuni za moshi za Ulaya zikaifukuza huko mapema, lakini Marekani ikaendelea kuuzwa mwaka baada ya mwaka na kabureta yake ya Mikuni, wakati washindani wakihamia EFI, breki za ABS na skrini za rangi. Waliokuwa nayo wakazoea kujifanyia kazi wenyewe. Walipanua tundu la boksi la hewa, wakabadilisha jeti, wakang'oa kabureta na kuweka ya Keihin FCR, wakatupa kikazia cha cheni ya kemu kinachojikaza chenyewe na kufunga cha kukaza kwa spana. Walikuwa wanaitengeneza pikipiki ambayo kiwanda kilikataa kuimalizia.

Sasa kiwanda kimeimalizia. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile, milimita 90 kwa 62.6, lakini ndani yake mambo mengi ni mapya. Vali za kuingiza hewa ni za titani, nyepesi. Zile za kutoa moshi zina uwazi uliojazwa sodiamu ili zipoe haraka. EFI imechukua nafasi ya kabureta, na aksileta haina waya tena. Mkono wako unatuma ishara ya umeme, kompyuta ndiyo inayofungua koo la hewa lenye kipenyo cha milimita 42. Klachi imekuwa nyepesi, na ukishusha gia kwa pupa tairi la nyuma halirukiruki. Nguvu ni za farasi 38 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, na msukumo wa nyutoni mita 37 kwenye mizunguko 6,500.

Farasi 38! Najua kuna mtu amekunja uso. Kwenye karatasi ni idadi ndogo, na DR-Z400 ya zamani haikuwa nyuma yake. Subiri kwanza tufike kwenye mawe.

Pengo ambalo hakuna aliyeliziba

Kabla ya kuteremka, nieleze kwa nini pikipiki hii inanichanganya akili kiasi hiki. Anayetaka kutoka Nairobi hadi porini na kurudi siku hiyohiyo amekuwa na njia mbili. Ya kwanza ni enduro halisi za mashindano, kama familia ya KTM EXC: nyepesi, kali, za kupendeza, lakini huduma yake huhesabiwa kwa saa za injini wala si kwa kilomita, na kukaa juu yake kwenye lami ndefu ni adhabu. Ya pili ni majitu ya safari. BMW R 1300 GS ina kilo 237. Ni kiti cha enzi barabarani, ila iangushe peke yako kwenye mchanga wa korongo saa saba mchana ndipo utajua kilo 237 ni nini.

DR-Z4S ina kilo 151 ikiwa na mafuta yote ndani. Inafika porini kwa magurudumu yake yenyewe, inacheza, inaanguka, unainyanyua, unarudi nayo nyumbani, na kesho yake inakupeleka kazini. Hapo katikati ndipo sehemu kubwa ya uendeshaji wetu ilipo: nusu lami, nusu changarawe, na kipande cha wazimu katikati yake. Hapo ndipo farasi 38 wanapokutosha.

Kuteremka Kona Baridi

Barabara ya Magadi ukishapita Kona Baridi inakuangusha kwenye Bonde la Ufa. Kiserian uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Magadi kwenyewe ni mita 600 hivi. Wazee wa kabureta mnaijua shida ya mteremko huu. Pikipiki iliyopimiwa jeti kwa hewa nyepesi ya juu ikifika bondeni hukuta hewa nzito, mafuta hayatoshi, injini inakauka na kuchemka. Ukiipimia ya bondeni, juu inakohoa moshi mweusi. DR-Z4S inapima hewa yenyewe na kurekebisha mafuta kadiri tunavyoshuka. Masikio yangu yanaziba, yanazibuka, na injini haijabadilisha hata nota moja. Nimefunga bisibisi ya jeti kwenye droo, kwaheri!

Karibu na Olorgesailie naiacha lami. Mara moja nasimama juu ya vikanyagio, na hapo ndipo pikipiki inajitambulisha. Kiunoni ni nyembamba, magoti yanaibana bila kutafuta. Mbele kuna shokabsoba za KYB zilizopinduliwa, nene za milimita 46, zenye mwendo wa milimita 280. Nyuma mwendo ni milimita 296. Mawe ya volkano ya hapa ni makali, meusi, yamelala ovyo kama meno yaliyong'olewa, na gurudumu la inchi 21 la mbele linayapanda moja baada ya jingine huku usukani ukitulia mikononi. Naongeza mwendo. Bado umetulia. Naongeza tena nikiomba Mungu.

Utamu wake uko chini kwenye mizunguko. Kwenye mwinuko wenye changarawe huru naacha gia ya pili, nafungua aksileta taratibu, na inapanda ikihema "dugu-dugu-dugu" bila kuzima, bila kukurupuka. Injini ya mashindano ingekuwa imeshanirusha. Kwenye mchanga wa korongo nahamisha uzito nyuma, nafungua mafuta, na mbele panakuwa pepesi kiasi cha kutosha kuelea. Mzee mmoja mwenye ng'ombe amesimama kivulini ananitazama nikipita, kisha nikirudi, kisha nikipita tena. Nasimama kumsalimu. "Umepoteza kitu?" ananiuliza. Hapana mzee, nimekipata!

Mitambo inayojua kunyamaza

Mimi si rafiki wa kompyuta kwenye pikipiki ya porini, kwa hiyo sehemu hii niliikaribia kwa mashaka. Kuna modi tatu za injini. A ni kali, B ni ya wastani, C ni laini kabisa, ya matope na vidole vilivyochoka. Kuna mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisizunguke ovyo, na ndani yake kuna modi G ya changarawe inayoliruhusu lizunguke kidogo ili uweze kulitupa nje kwenye kona. Ukitaka, unauzima wote.

Na ABS? Unaweza kuizima nyuma peke yake, au mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa hilo la pamoja nataka walioiandika programu hii wapigiwe makofi. Kwenye mteremko wa mchanga, ABS inayokataa kukaa kimya huachia breki wakati unapozihitaji kuliko wakati wowote, na pikipiki inaendelea kushuka kama haikusikii. Hapa uamuzi ni wako. Nilishuka na ABS ya nyuma ikiwa imezimwa, nikilifunga tairi la nyuma kila nilipotaka kuugeuza mkia. Ushauri kwa anayeanza: modi B na G ndani, ABS ya mbele iwashwe, halafu anza kuzima kimoja kimoja kadiri miguu yako inavyopata akili.

Spana mkononi

Kupenda ni kutunza, na vumbi la Magadi halina huruma. Nilipoirudisha gereji, fundi aliizunguka kimya kwa muda mrefu kabla ya kugusa chochote, na tulichozungumza baadaye ndicho ningekwambia ukibahatika kuipata.

Anza na filta ya hewa. Ukitoka kwenye vumbi zito, ifungue siku hiyohiyo. Vumbi laini likipenya halikwaruzi silinda na ringi peke yake. Linashambulia zile vali za titani. Titani hufunikwa kwa ganda gumu jembamba, na ganda hilo likishaliwa, vali inazama kwenye kiti chake haraka, nafasi inayopaswa kubaki kati yake na kemu inaisha, na asubuhi moja pikipiki inakataa kuwaka. Watu hulaumu betri, hulaumu plagi, kumbe ni filta ya mwezi uliopita. Safisha, paka grisi kwenye mdomo wa boksi pale filta inapokalia, kisha pima nafasi za vali kwa wakati ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, bila kuruka.

Pili, mafuta ya injini ya kwanza ni ya kutupa mapema. Injini mpya inajisaga ikijizoesha, na unga wa chuma unazunguka humo ndani. Kwenye kilomita 1,000 za mwanzo yamwage pamoja na filta yake.

Tatu, cheni. Pikipiki yenye mwendo mrefu wa shokabsoba hulegea na kukaza cheni kila mkono wa nyuma unapopanda na kushuka. Aliyezoea Boxer ataiona imelegea sana na kuikaza. Nyuma ikibanwa na jiwe, cheni hiyo itavuta beringi za gia hadi zilie. Iache na ulegevu ulioelekezwa. Na kwenye vumbi usiilowanishe kwa oili nzito, kwani oili hukamata mchanga na mchanga husaga sproketi.

Nne, spoku na nati. Rimu mpya hukaa sawa baada ya safari za mwanzo, kwa hiyo gonga kila spoku kwa spana ndogo usikilize: inayotoa mlio bubu imelegea. Zunguka pikipiki nzima ukikaza nati, na zile za vikanyagio, sproketi na sahani ya namba zitie gundi ya nati. Injini ya silinda moja hutetemesha, na kinachotetemeshwa hufunguka.

Mwisho, viungo vya shokabsoba ya nyuma. Vifungue mapema, vijaze grisi, vifunge. Ni kazi ya mchana mmoja inayookoa beringi ambazo zingeagizwa kutoka mbali.

Pesa ziende wapi kwanza

Kila anayenunua pikipiki kama hii huwa na ugonjwa mmoja: siku ya pili anataka ekzosi ya makelele. Tulia. Huu ndio mpangilio wangu.

Matairi kwanza. Inakuja na IRC GP-410, tairi la kati kwa kati. Kwenye lami linafurahisha, kwenye changarawe linajitahidi, kwenye matope ya pamba nyeusi linakuwa duara la udongo. Tafuta yenye meno marefu, tyubu nene, na vishikio vya tairi kwenye rimu ili uweze kushusha upepo bila tairi kuteleza na kukata koo la tyubu. Kwa mawe, psi 18 inafaa kuanzia. Kwa mchanga mrefu, shuka kidogo.

Kisha kinga. Weka bamba nene la alumini chini ya injini, vizuizi vya rejeta, na vikinga mikono vyenye chuma ndani. Miba ya migunga ya Kajiado haisalimii, na wenzo wa klachi ukivunjika Olorgesailie utajuta bei ya vikinga uliyoikwepa.

Baada ya hapo, kabla ya kununua shokabsoba nyingine yoyote, zirekebishe hizi ulizonazo. Kaa juu ukiwa umevaa mavazi yote, mwenzako apime nyuma imezama kiasi gani. Lenga theluthi ya mwendo wote, yaani milimita 95 hadi 100. Ikizama zaidi, kaza springi. Ukikaza hadi mwisho na bado inazama, wewe ni mzito kuliko springi ya kiwanda, nunua springi na si shokabsoba. Rekebisho hili ni la bure na linabadilisha pikipiki kuliko kitu chochote cha kung'aa.

Hatimaye sproketi. Punguza jino moja mbele. Gia ya kwanza itakuwa ya kutambaa, utapanda mawe ukiwa umeachia klachi, na sahani za klachi zitakushukuru. Ekzosi? Mwaka ujao, tukijaliwa.

Yanayoniuma

Mapenzi hayajanipofusha kabisa. Tangi ni lita 8.7, dogo kuliko la DR-Z400 lililobeba lita 10. Hesabu ya maabara inasema lita 3.4 kwa kila kilomita 100, ambayo ingekupa kilomita 250 na ushei. Lakini kwa mchanga na modi A, weka lita 5 kichwani mwako, yaani kilomita 170 kisha unasukuma. Nairobi hadi Magadi na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Fanya hesabu mwenyewe. Tangi kubwa la plastiki ni la lazima kwa nchi hii, na hadi ulipate, beba galoni.

Gia ni tano tu. Kwenye lami ndefu mguu wangu ulitafuta ya sita mara kwa mara na kukuta hewa tupu. Na uzito umepanda kutoka kilo 144 za ile ya zamani. ABS, EFI na vichujio vya moshi vina kilo zake, naelewa, ila enduro yoyote inayonenepa inanitia wivu wa ile iliyokuwa nyembamba.

Bei nayo inakaba. Marekani ilitangazwa kwa dola 8,999, kabla ya meli, ushuru na bandari ya Mombasa. Kwa pesa hizo unapata Boxer za kijiji kizima. Vipuri pia vitaagizwa, kwa hiyo anayenunua anunue siku hiyohiyo filta mbili za ziada, wenzo wa breki na wa klachi, na seti ya pedi.

Hukumu

Kama unashindana, nenda kwenye KTM au ndugu zake ukahesabu saa zako. Kama safari zako ni Nairobi hadi Cape Town ukiwa na mke na masanduku matatu, chukua jitu. Lakini kama wewe ni yule anayetoka nyumbani alfajiri, anayejua kushika spana, anayetaka kuteremka bondeni, kuanguka mara moja au mbili, kucheka na kurudi kabla ya giza, sijaona pikipiki mpya inayokufaa kuliko hii. Ongeza matairi, ongeza tangi, safisha filta, na utaimiliki hadi mtoto wako aanze kuiomba.

Tangi nimelijaza kama nilivyoahidi. Sasa namshawishi mwenyewe kwamba mafuta ya kwanza lazima yamwagwe kwenye kilomita 1,000, kwamba kilomita hizo bado hazijatimia, na kwamba mimi Jumamosi sina kazi yoyote.